Neno Kinywani: Kukariri Maandiko ni Kufanya Nini Hasa?

Musa amekufa, Yoshua amebaki na taifa zima mikononi, na mojawapo ya mambo anayoambiwa linahusu kitabu. Haambiwi akifungie mahali salama. Anaambiwa, "Kitabu hiki cha torati kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku" (Yoshua 1:8). Kitabu, kinywani. Wengi tumeupita mstari huu mara nyingi bila kujiuliza kitabu kinaingiaje kinywani, na kinakaaje humo hadi usiku wa manane taa zikiwa zimezimwa.

Siku zile hakuna aliyelala na Biblia yake chini ya mto. Gombo liliandikwa kwa mkono, lilikuwa ghali, na lilikuwa la jamii. Aliyetaka neno liwe lake alilisikia likisomwa, akalirudia kwa sauti mpaka likashika, akaondoka nalo. Kitenzi cha Kiebrania ambacho Biblia zetu zinakitafsiri "kutafakari" hapo, na tena katika Zaburi 1:2, ni hagah, na hagah ina sauti. Isaya anakitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake (31:4). Hezekia anakitumia kwa mlio wa hua, akikumbuka alivyokuwa akiugulia (Isaya 38:14). Sisi tukisikia "kutafakari" tunamwona mtu aliyenyamaza, kidole shavuni. Mwandishi wa zaburi alimwona mtu ambaye midomo inamcheza.

Nimeanzia huku makusudi, kwa sababu ubishi wetu kuhusu kukariri Biblia huanza tukiwa tumeshasahau kinywa. Mmoja atakwambia kukariri ni mambo ya watoto, mtu mzima anatakiwa aelewe, asiwe kasuku. Mwingine atakwambia Mkristo asiye na mistari kichwani ni askari asiye na upanga, kisha atakuuliza unayo mingapi. Ukiwasikiliza kwa makini utagundua hawabishani juu ya jambo moja. Wanatumia neno moja kwa mambo matatu.

Neno "kukariri" lilichafuliwa jina shuleni. Mwalimu akisema "huyu anakariri tu", hamsifu mwanafunzi. Anasema amemeza majibu, na ukimgeuzia swali kidogo anaanguka. Lakini maana ya asili ya neno lenyewe, lililotujia kutoka Kiarabu, ni kurudia tu, tena na tena. Halina kosa lolote. Kuhifadhi ni jambo jingine: ni pale kilichorudiwa kinapokaa, ukaweza kukisema kwa ghibu bila kutazama maandishi, leo na mwakani. Na kutafakari ni kukaa na kile kilichohifadhiwa, kukigeuzageuza, kukiuliza maswali na kukiacha kikuulize. Anayepinga kukariri anapinga lile la kwanza likisimama peke yake, na ana haki. Anayetetea anatetea yote matatu kwa pamoja, ila mara nyingi anapima la kwanza tu, kwa sababu ndilo linalohesabika. Nimewahi kusikia watu wakitangaza mistari mia. Sijasikia mtu akitangaza kwamba amekaa wiki tatu na mstari mmoja na bado haujamwachia.

Nani aliyekariri vizuri jangwani?

Tukio linalotajwa sana katika mada hii ni lile la Mathayo 4, Yesu akijaribiwa jangwani. Linatajwa sana, na linasomwa harakaharaka. Tulisome polepole.

Yesu amefunga siku 40, ana njaa, hana gombo. Anajaribiwa mara tatu na kila mara anajibu "imeandikwa". Ukifuatilia alikotoa majibu yake utakuta yote matatu yametoka kitabu kimoja: Kumbukumbu la Torati 8:3, kisha 6:16, kisha 6:13. Ni sura zinazokaribiana, na habari yake ni hiyohiyo: Israeli jangwani, miaka 40, njaa, mana, na swali la kama wataishi kwa kumtegemea Mungu au la. Kwa maneno mengine, Yesu hakuwa akiokota mstari huku na mstari kule kulingana na shambulio. Alikuwa amelihifadhi eneo zima la Maandiko linalofanana na pale aliposimama, naye alikuwa akiishi ndani yake. "Mtu hataishi kwa mkate tu" kilikuwa kipande cha hadithi ambayo sasa ilikuwa yake.

Shetani naye amehifadhi. Hilo huwa tunaliruka. Katika jaribu la pili anatoa Zaburi 91:11-12, na anaitoa vizuri, isipokuwa kipande kimoja. Zaburi inasema malaika wataagizwa "wakulinde katika njia zako zote". Katika Mathayo maneno hayo hayapo. Kujirusha kutoka juu ya kinara cha hekalu si njia ya mtu. Ni kutafuta njia isiyokuwepo, na hapo ndipo maneno yaliyoachwa yangemfunga msemaji. Halafu angalia alipokoma. Mstari unaofuata katika zaburi ileile, wa 13, unasema, "Utawakanyaga simba na nyoka." Alinyamaza mahali pazuri.

Kwa hiyo uwezo wa kutaja Maandiko bila kitabu hautoshi kuonyesha mtu yuko upande gani. Mwanasheria wa Luka 10 naye alipata alama zote. Yesu alimuuliza imeandikwa nini katika torati, naye akaunganisha Kumbukumbu la Torati 6:5 na Walawi 19:18 bila kukosea, akaambiwa, "Umejibu vema; fanya hivi nawe utaishi." Pumzi iliyofuata akauliza jirani yake ni nani. Mstari alikuwa nao mzima. Mtu aliyetajwa ndani ya mstari ndiye aliyempotea.

Kilichomtofautisha Yesu kinaonekana zaidi msalabani, pasipo na mjadala wala hadhira ya kushinda. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni mwanzo wa Zaburi ya 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" imetoka Zaburi ya 31. Mtu aliye katika maumivu makali hatungi, husema kilichomo. Yona tumboni mwa samaki anaomba sala ambayo karibu kila sentensi yake ina mwangwi wa zaburi. Mariamu anaimba wimbo uliojaa maneno ya Hana, mama yake Samweli. Hawa hawakuwa wakinukuu. Maandiko yalikuwa yamekuwa lugha yao ya kuombea, kama vile mtoto anavyoomba maji kwa maneno aliyoyachuma kinywani mwa mama yake bila kujua kwamba aliyachuma.

Namba zilipoingia

Hapa kuna jambo ambalo likieleweka, nusu ya matatizo ya kukariri yanapungua. Mstari wenye namba, ule tunaouita Yohana 3:16, ni kitu kipya. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, mwanazuoni wa mwanzoni mwa karne ya 13 aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury. Namba za mistari za Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne katika toleo lake la Kigiriki la mwaka 1551. Wayahudi walikuwa na alama za kuonyesha sentensi inaishia wapi zamani zaidi, lakini kule kuita maneno ya Mungu kwa tarakimu mbili zenye nukta katikati kulikuja baadaye sana. Paulo hakujua kwamba ameandika Wafilipi 4:13. Alijua ameandika barua.

Basi Wakristo wa miaka elfu moja na mia tano ya kwanza walikariri nini? Walikariri zaburi nzima, barua nzima, injili nzima. Katika karne ya 4 huko Misri, kanuni za watawa wa Pakomio zilimtaka kila anayeingia ajifunze kusoma hata kama hataki, na ahifadhi angalau Agano Jipya na Zaburi. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulitunga kanuni kwamba asifanywe askofu mtu asiyeijua Zaburi kwa moyo, na zaburi ziko 150. Agostino, askofu na mwanateolojia wa Afrika Kaskazini, alipotaka kuwaeleza wasomaji wake wakati ni kitu gani, alichukua mfano uliokuwa karibu naye kuliko yote: zaburi anayotaka kuisema kwa ghibu. Kabla hajaanza, yote iko katika matarajio. Kadiri anavyoisema, inahama kidogokidogo kutoka matarajio kwenda kumbukumbu, mpaka inaisha. Hakueleza zaidi kwa nini mtu awe na zaburi nzima kichwani. Aliona ni kitu cha kila siku.

Maandiko yenyewe yalitengenezwa yashikike. Zaburi ya 119, ile ndefu ambayo watu huiogopa, ina beti 22 kwa sababu alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, na mistari minane ya kila ubeti huanza kwa herufi moja: minane ya alef, minane ya bet, hadi mwisho, jumla 176. Mshairi alimpa msomaji wake ngazi ya kupandia. Katika tafsiri ngazi hiyo imepotea, jambo lisiloepukika, na ndiyo sababu sisi huiona zaburi hiyo kama mtu anayerudia jambo moja bila mpango.

Uchapishaji ulileta Biblia nyumbani na namba zikarahisisha kutafuta. Pia zikarahisisha kukata. Shule za Jumapili, zinazokumbukwa pamoja na Robert Raikes wa Gloucester na mwaka 1780, zilieneza desturi ya watoto kutaja mistari, na haikuchukua muda zawadi zikaingia. Katika karne ya 20 Dawson Trotman, mwanzilishi wa huduma ya Kikristo ya Navigators mwaka 1933, akaeneza mistari kwenye kadi ndogo za mfukoni, na mfuko wa mistari 60 iliyopangwa kimada ukawa maarufu duniani. Siwadharau watu hawa hata kidogo. Anayeanza anahitaji pa kuanzia, na mstari mmoja kwenye kadi ni bora kuliko sura nzima uliyoikusudia ukaiacha. Ila kadi ina kingo, na kingo hukata.

Tazama Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Ukiwa kwenye kadi, "mambo yote" yanajazwa na chochote mtu anachokitaka: mtihani, cheo, mechi. Rudi mstari mmoja tu nyuma: "Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa, katika hali yo yote, na katika mambo yo yote, nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Mambo yote anayoyaweza Paulo, akiwa kifungoni, ni pamoja na kulala njaa. Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani, nao una jirani: mstari wa 10 unasema ahadi hiyo itatimia Babeli itakapotimiziwa miaka 70, maana yake wengi wa waliousikia ukisomwa mara ya kwanza wangezikwa uhamishoni. Mstari haupungui uzuri ukijua hivyo. Unakuwa mstari wa watu wazima.

Ushauri wangu, na nausema kama mtu aliyewahi kukariri kwa kadi na baadaye akalazimika kuanza upya, ni kukariri kwa fungu. Wafilipi 4:10-13 ni mistari minne tu. Waadventista huliita andiko lao la juma "fungu la kukariri", na japokuwa mara nyingi huwa ni mstari mmoja au miwili, neno "fungu" lenyewe limebeba wazo zuri: vitu vilivyofungwa pamoja, ukivuta kimoja vyote vinakuja.

Watoto, kwa upande wao, wana mstari wao. Mwambie kila mtoto ataje mstari mmoja kwa moyo na hutafika wa tatu kabla hujasikia "Yesu akalia machozi", Yohana 11:35. Tunacheka, maana tunajua kaupenda kwa ufupi wake. Lakini yule mtoto amebeba sentensi ambayo siku moja, akiwa mtu mzima amesimama kando ya kaburi, inaweza kumjia yenyewe na kumkuta tayari.

Kichwa kinavyofanya kazi, na Kiswahili kinavyogoma

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kupima zinavyopotea. Kwa kipimo chake, saa moja baadaye zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda, na baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. La kutia moyo ni kwamba baada ya mwezi mzima bado alikuwa na kama moja ya tano. Kinachopotea hupotea mapema, kisha mporomoko hupungua. Aligundua pia kwamba kurudia kulikogawanywa kwa siku kadhaa kunashika kuliko kurudia kulekule kukirundikwa kikao kimoja. Na hizo zilikuwa silabi tupu. Maneno yenye maana na mapigo hushika zaidi.

Jambo la pili linawapa watu shida kuliamini. Kusoma mstari mara 20 kunakufanya ujisikie umeujua. Kufunga Biblia na kujaribu kuusema, ukakwama, ukafungua, ukafunga tena, kunakufanya ujisikie mjinga. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambamo kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne na jingine likasoma mara moja kisha likajaribu kukikumbuka mara tatu. Dakika tano baadaye wasomaji waliongoza. Baada ya juma moja wasomaji walikumbuka asilimia 40, na wale waliokuwa wakikwamakwama asilimia 61. Ule ugumu wa kukwama ndio kazi yenyewe.

Sasa kuna mbinu maarufu katika miongozo ya kukariri, nayo ni kuandika herufi ya kwanza ya kila neno na kuusema mstari kwa kutazama herufi hizo. Niliijaribu kwa Wafilipi 4:6: "Msijisumbue kwa neno lo lote, bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Nikaandika kipande cha katikati, kuanzia "bali": B K K N K K N K P N K. Ukitazama hizo K utalia. Mbinu hii ilitungwa kwa lugha ambazo mwanzo wa neno ndio uso wake. Kiswahili uso wake uko katikati. Mwanzoni kuna viambishi, na viambishi vinafanana kama sare. Kinachofaa ni kushika mizizi: sumbu, sali, omba, shukuru, haja, juli. Mizizi hiyo sita inabeba mstari mzima, na viambishi hujirudisha vyenyewe kwa sababu sarufi unayo tangu utotoni.

Kinachosaidia zaidi ya mizizi ni pumzi. Sema mstari huo kwa sauti na utasikia unapokatika wenyewe. *Msijisumbue kwa neno lo lote.* Pumzi. *Bali katika kila neno.* Hapo sikio linagundua ambacho jicho lilipita: "neno lo lote" na "kila neno" vinatazamana kama pande mbili za mlango. Hakuna la kujisumbua, kila la kuomba. *Kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru.* Pumzi. *Haja zenu na zijulikane na Mungu.* Mimi kwa wiki mbili nilikuwa nikiruka "pamoja na kushukuru", kila siku, pahala palepale. Nilidhani ni kumbukumbu mbovu. Kisha nikaanza kushuku kwamba nilikuwa nikisema kwa usahihi kabisa namna ninavyoomba.

Kuhusu tafsiri, chagua moja ukae nayo. Ukikariri leo Union Version ya mwaka 1952 na kesho ukasoma fungu lilelile katika Habari Njema, vichwa viwili vinagombana: "BWANA ndiye mchungaji wangu" na "Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu" zote ni sahihi, lakini ulimi hauwezi kufuata mbili. Mimi hukariri Union kwa sababu ya mapigo yake na hufungua tafsiri nyingine kuelewa palipo na ukungu. Mwingine anaweza kufanya kinyume chake, na sitabishana naye.

Asiyeweza kusoma, au ambaye macho yamechoka, hana anachopungukiwa hapa. Waliohifadhi kabla ya vitabu kuenea walipitia masikioni, na Biblia ya sauti imerudisha njia hiyo.

"Lakini simu ninayo"

Hoja hii ni ya haki na inastahili jibu. Biblia nzima iko kiganjani, unatafuta neno moja na mistari yote yenye neno hilo inajipanga. Kwa nini kujisumbua?

Kwa sababu simu hujibu inapoulizwa, na kuna saa ambazo mtu hana swali. Aliyepokea habari mbaya saa nane usiku haandiki "faraja" kwenye kisanduku cha kutafutia. Wanajeshi wa Marekani waliofungwa Hanoi wakati wa vita vya Vietnam hawakuruhusiwa Biblia kwa muda mrefu. Walikusanya mistari kutoka vichwani, kila mmoja akitoa alichobaki nacho tangu utotoni, wengine wakijuta kwamba hawakusikiliza zaidi. Wanaohudumia wazee waliopoteza kumbukumbu wanajua kwamba mzee asiyelikumbuka jina la mwanawe huweza kuungana na Sala ya Bwana katikati na kuifikisha "amina". Kilichorudiwa kwa miaka, kwa sauti, kwa mapigo, hukaa sehemu ya ndani ambayo uharibifu huichelewa.

Pia kuna wanaosema Roho Mtakatifu atawapa la kusema. Yohana 14:26 inasema Roho "atawafundisha yote, na kuwakumbusha yote niliyowaambia". Kukumbushwa hudai uwe uliambiwa.

Hatari zipo, na sitazimaliza. Mstari ukishakuwa kitu cha kutamkwa ili jambo fulani litokee, umegeuka hirizi. Na hili si la leo, maana wachimbaji wa mambo ya kale wamepata hirizi za karne za mwanzo zenye maneno ya Zaburi ya 91, ileile ya shetani. Yesu alionya kuhusu "kupayuka-payuka" (Mathayo 6:7), na onyo hilo linamhusu anayedhani wingi wa maneno humsukuma Mungu. Halimhusu anayerudia ili yeye mwenyewe asikie.

Hatari nyingine ndogo, lakini inayouma, ni ya kumrushia mtu mstari. Niliwahi kumwambia mfiwa Warumi 8:28 mlangoni pa nyumba yake, kwa ghibu, bila kukosea neno, na "katika mambo yote" nikaitia mkazo. Aliitikia kwa kichwa akaondoka kwenda kukaa na mtu mwingine ambaye hakuwa akisema kitu. Mithali 25:20 inamfananisha anayemwimbia nyimbo mwenye huzuni na siki iliyomwagwa juu ya magadi. Huo nao ni mstari, na ningekuwa nimeuhifadhi siku ile ningenyamaza.

Baada ya miezi

Kinachotokea kwa fungu lililohifadhiwa na kuachwa likae ni vigumu kukionyesha, kwa hiyo nitaonyesha kimoja kilichonipata mimi katika Zaburi ya 23, ambayo nimeijua tangu sijui lini.

Sema mistari mitatu ya kwanza. Katika malisho ya majani mabichi *hunilaza*. Kando ya maji ya utulivu *huniongoza*. *Hunihuisha* nafsi yangu. Hu-, hu-, hu-. Kiambishi hiki cha mazoea hakimtaji mtendaji. "Hunilaza" inaweza kuwa yeye, wewe, wao, yeyote. Mtu anaeleza habari za Bwana kama anavyomweleza mgeni: ana tabia hii, huwa anafanya hivi. Ni maelezo mazuri na ya kweli, ya mtu aliyeketi penye majani na maji.

Kisha unafika mstari wa 4. "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana *Wewe* upo pamoja nami." Kuanzia hapo hu- inakoma. Gongo *lako*. Fimbo *yako*. *Waandaa* meza mbele yangu. *Umenipaka* mafuta kichwani pangu. Aliyekuwa akielezwa sasa anaambiwa.

Nilikuwa nimeisema zaburi hiyo mamia ya mara, kanisani, misibani, kitandani. Nilikuwa njiani gizani nikiisema chini kwa chini, midomo ikinicheza, nilipofika "Wewe" nikasimama.